Nafasi ya Babu kwenye Santuri

Mmeniuliza mara nyingi, dukani na kwenye shamba la kijiji, mambo ya Nairobi yalikuwaje. Kila mara nimejibu "mazuri tu" nikaendelea kulima. Mnanijua, maneno yangu hayatoki upesi. Lakini kuandika naweza, ingawa polepole, na mvua za siku hizi zimetufungia ndani. Basi nimeandika tangu tulipoondoka hapa Nshamba mpaka siku ile ya dukani ambayo wengi wenu mlikuwepo. Habari za kuomba ruhusa na vyeti nimeziacha, hazina utamu.

Mnajua kwamba bendi ya Sadala ilinichukua kwa sababu ya enanga, kinanda chetu cha ubao na nyuzi. Sadala ni mtu wa Bukoba mjini, babu zake walitoka pwani, na gitaa lake limejaa rumba na chacha alizojifunza kwa kusikiliza redio. Alipopata nafasi ya kwenda Nairobi kurekodi santuri ndefu, ya kwanza ya bendi yao, alisema hataki kupeleka rumba peke yake, maana rumba huko ipo tele. Alitaka jazi ya tarumbeta, alitaka ngoma za kwetu, na wimbo wa mwisho alitaka uanze na enanga. Babu yangu ndiye aliyekuwa mpigaji, lakini mikono yake sasa inatetemeka. Wimbo wake wa visiwani ninao mimi peke yangu.

Jioni moja Babu aliniita kutoka ndani.

"Deo!"

"Waitu," nikaitikia, kama sisi Wahaya tunavyowaitikia wakubwa wetu.

"Hao watu wa magitaa wanautaka wimbo wa visiwani?"

"Wanautaka, Babu."

"Na huko mnakokwenda, nani atakuitikia?"

Wimbo ule unamhusu mtu aliyekwenda kuvua kisiwani Goziba, akawa kila siku anasimama ufukweni na kuwaita watu wa nyumbani kwa majina. Mpigaji huita, halafu hunyamaza, vidole juu ya uzi, mpaka msikilizaji aitikie "Waitu." Ndipo wimbo huendelea. Siku zote mimi ndiye ninayemwitikia Babu hivyo. Kwenye enanga tu, mzee humwitikia kijana. Yeye alinifundisha hivyo, na nilipokuwa mdogo alinipiga kidole kwa kijiti kila nilipoendelea kabla hajaitika.

"Nenda nao," akasema mwishowe. "Mimi nitakufa na wimbo utakufa, basi heri uende huko. Lakini usipite pale pa kuitikiwa kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila hodi. Ukipita, usiniambie kwamba huo ni wimbo wangu."

Akanipa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. "Ya kuwapa watu wa njiani," akasema.

Juu ya magunia

Tulitoka Nshamba, mimi na bendi, juu ya lori la kahawa. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, enanga nimeilaza mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kabla ya kufika Izigo lori likazama tope hadi kwenye ekseli. Utingo akakata migomba ya watu kuweka chini ya magurudumu. Mwenye migomba akatoka na panga.

"Hiyo migomba ni ya ujamaa au ya mama yako?" akauliza.

"Lori ndilo la ujamaa, mzee," akajibu utingo. "Migomba inalisaidia."

Wote wakacheka, hata mwenye panga, na baadaye mkewe akatuletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye jani. Tulikula tumesimama. Hapo ndipo Kamugisha wa Izigo, mpiga tarumbeta, alipotukuta kwa miguu, viatu vimening'inia shingoni.

"Ta Deo!" akaniita kwa heshima ya utani, maana mimi ni mdogo wake. "Umebeba kitanda cha mtoto?"

Nilitaka kumjibu kwamba kitanda hiki kinaimba. Jibu hilo lilinijia lori lilipokwisha kutoka topeni na yeye anaongea na wengine.

Bukoba tulikuta meli haijafika. Upepo ulikuwa mkali na ziwa limechafuka. Tulingoja gatini mpaka siku ya pili, kati ya mikungu ya ndizi na watu waliolala juu ya mizigo yao. Bendi nzima ilikwenda kwa akina Sadala kula pilau. Waliniita. Nikasema nitalinda vyombo, nao wakafurahi kupata mlinzi. Nilikaa natazama mawimbi yanavyopiga gati, nikasikia kicheko chao kikipotea kuelekea mjini.

Ziwani

Karani wa meli aligonga enanga kwa kalamu.

"Hiki nini? Sinia la mbao?"

Ni kweli inafanana: ubao mrefu uliochongwa ukaachwa na kina kidogo, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe umepitishwa huku na huku mpaka ukawa nyuzi nyingi. Sadala akanijibia. "Ni gitaa la babu yake, bwana mkubwa."

"Basi babu yake alikosa shingo," akasema karani, akatupisha.

Daraja la tatu nilikaa karibu na mama mmoja wa Ukerewe aliyekuwa akirudi kwao na dagaa, mtoto mgongoni. Alinikatia nusu ya ugali wake bila kuniuliza jina. Nami nikakumbuka maneno ya Babu, nikafungua jani langu, nikampa akamwani. Akazitazama, akanusa, akaniuliza, "Ni za nini?"

"Za kutafuna," nikasema.

Akatafuna moja, akakunja uso, akazifunga zilizobaki kwenye pindo la khanga. Asubuhi, Mwanza ilipoanza kuonekana na mawe yake, akanisogelea na kunong'ona, "Mwanangu, huyu mdogo ana kifua. Nimpe ngapi, asubuhi na jioni?"

Niliona haya kumwambia kwamba si dawa. Nikamwambia, "Moja, mama." Akanishukuru sana. Ndiye mtu pekee wa safari ile aliyechukua akamwani kwa mikono miwili.

Kutoka Mwanza hadi Kisumu tulikuwa na safari ndefu ya maji. Unyevu ulilegeza uzi wa enanga, nikawa naukaza na kuulegeza nyuma ya maboya, mbali na watu. Kwa upande wa pili bendi ilikuwa ikifanya mazoezi, na abiria wamewazunguka wanacheza. Rumba juu ya maji husikika vizuri, nawaambieni. Kamugisha alikuwa akipiga jazi yake kama mtu anayegombana na mke na kupatana naye papo hapo. Nilikuwa najua kila mahali ambapo enanga ingeingia. Sikwenda.

Mtu mmoja alionyesha visiwa mbali sana, akasema kimojawapo ni Goziba. Mwenzake akabisha kwamba Goziba tulikwisha kuiacha nyuma. Mimi nilivitazama vyote, ili nisiikose.

Treni, na ndizi za Kisumu

Kisumu, kabla ya treni, tuliingia hoteli ya chakula. Nilikuwa sijaonja ebitoke tangu lile tope la Izigo. Nikajikaza, nikamwita mhudumu mwenyewe, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Nataka ndizi na maharage."

Akaleta sahani ya maharage, na juu yake ndizi mbivu mbili, tamu, zimemenywa nusu. Bendi nzima ikalala juu ya meza kwa kucheka. Kamugisha alifuta machozi. "Kula, Ta Deo, ndizi si ndizi?" Nikala zote. Sikuweza kurudisha chakula cha watu. Mpaka leo nikiona ndizi mbivu nasikia ladha ya maharage.

Kwenye treni nilimpa akamwani mzee aliyekaa mbele yangu. Akatema dirishani, akasema kahawa huwa inanywewa, haitafunwi kama mahindi. Akahamia benchi jingine. Treni ikapanda milima, baridi ikaingia, ikasimama mahali pasipo na stesheni, na hakuna aliyetuambia sababu. Watu walishuka wakaota jua kando ya reli. Mimi nikabaki ndani, nimeifunika enanga kwa koti langu, maana uzi ukikauka ghafla hukatika.

Asubuhi ya Nairobi nilifanya kama nifanyavyo Nshamba: kila niliyepishana naye njiani nilimsalimu. "Shikamoo." "Habari za asubuhi." Walipita. Si kwamba walinidharau, walikuwa na haraka tu. Mmoja aligeuka akanitazama kama ninayemdai. Kabla hatujafika kwenye chumba cha kurekodia nilikuwa nimeacha kusalimu.

Chumba cha kioo

Chumba cha kurekodia kilikuwa kimevalishwa kitambaa kinene ukutani, hata ukipiga makofi sauti inafia mkononi. Upande mmoja kuna kioo, na nyuma yake alikaa fundi wa mitambo, mzee Mjaluo aliyeitwa Ochieng'. Taa nyekundu ikiwaka, hakuna ruhusa ya kukohoa.

Nyimbo za rumba zilikwenda vizuri. Chacha ilikwenda vizuri, maraka zikilia kama mtama kwenye ungo. Wimbo wa jazi Kamugisha aliupiga amefumba macho, na alipomaliza hata Ochieng' alitikisa kichwa nyuma ya kioo. Mwisho wakanisukumia kiti.

Taa ikawaka. Nikapiga utangulizi. Nikaita jina la kwanza, kama Babu anavyoita, nikaweka vidole juu ya uzi. Nikangoja.

Kimya. Taa ikazimwa.

"Deo, umesahau?" akauliza Sadala.

"Sijasahau."

"Mbona umenyamaza?"

"Nangoja kuitikiwa."

Nyumbani tulipofanya mazoezi mtu alikuwepo siku zote, mama, mtoto, jirani, na Sadala alidhani ni watu wanaoshangilia tu. Kamugisha akasema, "Hilo dogo, mimi nitamwitikia." Taa ikawaka tena. Nilipoita, Kamugisha akaitika "Waitu!" kutoka kona ya ngoma, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliyeanguka kisimani. Wote wakapasuka kwa kicheko. Ochieng' akasimamisha mashine.

Mara ya tatu Sadala aliniambia nisingoje, nipite moja kwa moja, gitaa litajaza. Nilijaribu. Nawaambieni kweli nilijaribu. Vidole vilisimama vyenyewe.

Sadala akaweka gitaa chini. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na muda wetu wa chumba ulikuwa unakwisha.

"Sikiliza, bwana mdogo. Hii ni santuri. Watu watakuwa wanacheza, halafu muziki unakatika ghafla. Watadhani sindano imeganda. Ukishindwa, tutauacha wimbo huu, tutaweka chacha nyingine." Halafu akasema lile ambalo sikulisahau. "Na wewe mwenyewe hujibu watu. Tangu Bukoba nakusemesha kama nasemesha gunia la kahawa. Leo wewe ndiye unayetaka kujibiwa?"

Hakuna aliyecheka. Niliangalia enanga. Nilifikiri: ukiachwa wimbo huu, Babu atakufa nao. Nikipita bila kuitikiwa, si wake tena. Nilitamani mtu anisemee, na kila aliyekuwepo alikuwa akitazama viatu vyake.

Mlango ukafunguliwa, Ochieng' akaingia na kuinama karibu na enanga.

"Kwetu kwenye nyatiti, enanga yetu sisi Wajaluo," akasema, "mpigaji akiwa katikati ya wimbo mtu humsimamisha ajisifu kwanza, na hakuna anayelalamika. Huyu anayekuitikia wewe ni nani?"

"Babu yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Nshamba. Mkoa wa Ziwa Magharibi."

"Santuri utampelekea?"

"Nitampelekea."

"Basi mwachie nafasi yake. Urefu wa maneno yake, usizidishe." Akamgeukia Sadala. "Sindano haitaganda, kaka. Ikiganda watu watagonga mashine, watazoea."

Sadala alivuta pumzi. "Mara moja tu," akasema.

Nikapiga. Nilipoita jina la kwanza nilimwona Babu alivyo: kwanza huhamisha akamwani kutoka shavu hili kwenda lile, kisha huvuta pumzi puani, kisha huitika, bila haraka. Nikaacha urefu huo. Katika kile kimya Kamugisha aliinua tarumbeta ili akijaze, akaniangalia, akaishusha. Nikaita jina la pili, nikaacha. La tatu, nikaacha. Gitaa la Sadala likaingia polepole kama mtu anayevua viatu mlangoni, tumba zikafuata, na wimbo wa visiwani ukawa rumba bila kuacha kuwa wa Babu.

Taa ikazimwa. Kamugisha akanipiga bega. Jioni wenzangu walikwenda kusikiliza bendi za wenyeji, nami nikabaki kwenye chumba cha kulala. Kutoka dirishani niliona watu wengi kuliko niliowahi kuwaona, na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu.

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Treni haikusimama, ziwa lilitulia, karani wa meli alikuwa mwingine na hakuuliza kitu. Nilirudi na jani la akamwani karibu limejaa.

Babu aliuliza swali moja tu.

"Walikuitikia?"

"Hapana, Babu."

"Ukapita."

"Sikupita. Nimekuachia nafasi, ndani ya santuri."

Macho yake siku hizi huona vivuli tu, lakini aliyaelekeza mbali nami. "Nafasi ndani ya sahani," akasema. Sikujua kama anauliza. Nikamrudishia akamwani zake. Tangu siku hiyo hakuniambia nipige enanga, nami sikuigusa. Iliwekwa juu ya kichanja, na jioni za nyumba yetu zikawa za moto na kikohozi cha Babu tu. Ndiyo maana mlikuwa mkiniuliza mambo ya Nairobi nami najibu "mazuri."

Dukani

Sadala alileta santuri mwenyewe, juu ya lori lile lile la kahawa. Iliitwa *Ng'ambo ya Ziwa*. Mwenye duka akatoa gramafoni yake barazani, watu wakajaa. Mama alimwongoza Babu kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti karibu na mashine. Mimi nilisimama mlangoni, nusu nje, ili nikitaka kuondoka nisimsumbue mtu.

Mlicheza rumba, nakumbuka. Mlicheza chacha mpaka vumbi likaingia kwenye sukari. Jazi ya Kamugisha iliwachanganya kidogo, mkawa mnatafuta miguu iende wapi. Halafu upande wa pili, mwisho kabisa, ikalia enanga.

Babu akainua kichwa.

Nikasikia sauti yangu ikiita jina la kwanza. Kisha kimya.

"Imeganda hii," akasema mwenye duka, akapeleka mkono kwenye sindano. Kabla hajaigusa wimbo ukaendelea. Mdomo wa Babu ulikuwa wazi, lakini hakuwa amesema kitu. Sadala alinitazama. Nilishika mwimo wa mlango.

Jina la pili likaitwa. Kimya kikaja. Babu akahamisha akamwani kutoka shavu hili kwenda lile, akavuta pumzi puani.

"Waitu," akaitika.

Na wimbo ukaendelea pale pale, kama uliomsikia.

Jina la tatu lilipoitwa, Babu aliitika kwa sauti ya zamani, ile ya kabla mikono haijaanza kutetemeka, na gitaa la Sadala likaingia juu yake. Hakuna aliyecheza. Nami nilibaki mlangoni, nikimsikiliza Babu akizungumza na mimi ambaye nilikuwa mbali sana, kwenye chumba cha kioo.

Wimbo ulipokwisha alipapasa mfuko wa koti, akatoa akamwani, zile zile zilizokwenda Nairobi zikarudi. Kwetu msikilizaji aliyeridhika humtunza mpigaji hivyo. Akanyoosha mkono kuelekea gramafoni.

"Chukua, Deo," akasema.

Mwenye duka akanitafuta kwa macho. Wote mkageuka. Mnajua ninavyochukia kutazamwa. Nikapita katikati yenu, nikapiga magoti pale mkono wake ulipoelekea, kati yake na mashine, nikapokea kwa mikono miwili. Sindano ilikuwa imefika mwisho, inakwaruza.

"Waitu," nikasema.